Mratibu Anapoolewa

Walikutana ukumbini, kwenye harusi ya watu wengine, siku umeme ulipokatika shangazi wa bwana harusi akiwa ndiyo kwanza ameshika kipaza sauti. Wageni mia tatu wakaanza kusema kwa pamoja. Mratibu wa shughuli, mwanamke mrefu mwenye gauni jeusi na raba nyeupe, kwani viatu virefu aliwaachia waalikwa, alikatiza katikati ya meza kama anayepita sebuleni kwake. Akamtuma mhudumu kwenye jenereta, akawatoa maharusi bustanini wakapigwe picha, na shangazi akaambiwa hotuba tamu kama ile haifai kuharakishwa. Kisha akamwendea fundi wa muziki, aliyepiga magoti nyuma ya spika huku jasho likimtiririka.

"Zima kila kitu kwanza. Umeme ukirudi kwa kishindo utakuunguzia mitambo."

Fundi akainua macho. "Dada, kwani wewe ni nani?"

"Mtu utakayemshukuru baada ya dakika tano."

Alimshukuru baada ya dakika nne. Kesho yake akapiga simu kushukuru tena, na keshokutwa akapiga kuuliza kama zile shukrani zilifika. Mapenzi yakaanzia hapo. Fundi akamwita Kamanda. Mwanamke akamwita Waya, maana hapakuwa na mfuko wa suruali yake usiokuwa na kipande cha waya. Waya alikuwa mcheshi, mpole, mwenye macho ya kubembeleza, na mwanamke aliyezoea kuamrisha watu mchana kutwa alipenda kuchekeshwa jioni. Hata wiki aliyolazwa Kamanda kwa homa, Waya alipompigia simu wodini kuuliza mtungi wa gesi unafungwaje, alicheka mpaka muuguzi akamkanya.

Wakachumbiana. Miezi mitatu kabla ya harusi, mezani jikoni, Kamanda akasema anataka waajiri mratibu wa siku yao.

Waya akaweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Mpenzi, wewe ndiye unayetafutwa na mji mzima. Leo utafute mwingine?"

"Kinyozi hajinyoi. Siku hiyo nataka kukaa."

"Si utakaa? Utatupia jicho huku na huku kidogo, basi."

Hiyo "huku na huku" Kamanda aliijua. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama kwenye harusi za watu, akijua keki iko wapi, nani hasemi na nani, na ni mjomba gani asipewe kipaza sauti. Alitaka siku moja tu akae kitini, asijue kinachofuata, na mtu mwingine ajue kwa ajili yake. Waya akamwambia hakatai gharama. Ila moyo wake, alisema, haumwamini mtu mwingine. Maneno matamu hayo, na ndiyo maana yalikuwa magumu kuyajibu.

Jumanne wakaenda kumwona binti aliyewahi kufundishwa kazi na Kamanda mwenyewe, ambaye sasa ana ofisi yake juu ya duka la vitambaa. Binti akawakaribisha kwa heshima, akafungua daftari, akauliza saa, idadi ya wageni, milango. Halafu akauliza swali ambalo kila mratibu huuliza: siku hiyo jambo likiharibika, hatamsumbua bibi harusi, sasa amtafute nani? Akamtazama Waya.

Waya akamwelekezea mchumba wake kidole gumba, huku akitabasamu. "Mtafute huyuhuyu. Hata mimi nitakuwa namtafuta yeye."

Binti hakucheka. Alilitazama daftari lake, hakuandika kitu. Kamanda aliona haya mbele ya mwanafunzi wake kuliko alivyowahi kuona haya maishani.

Barabarani, katikati ya watu waliotoka kazini kwa chakula cha mchana, akamshika mkono akamsimamisha.

"Nikichoka mimi, nani atanishika?"

"Wewe huchoki, Kamanda. Ndiyo maana nilikupenda."

Alimsifu, maskini, na sifa hiyo ikamchoma mwenzake kuliko tusi. Kamanda akapanda basi peke yake. Siku kumi hakupokea simu zake.

Siku ya kumi na moja Waya akaja mlangoni, shati limenyooshwa, macho mekundu. Akasema amekosa. Akasema wamwajiri yule binti, tena kesho, na kwamba bila mpenzi wake nyumba imekuwa kubwa. Kamanda akayeyuka. Alimkumbatia, akaegemeza kichwa begani pake, na kwa muda mfupi alipumzika kweli.

"Nimekuelewa sasa," Waya akamnong'oneza. "Yeye afanye kazi. Wewe utakuwa unamwelekeza tu."

Kamanda akajitoa begani taratibu. Hakugomba. Alimtazama usoni akitafuta utani, akakosa. Akaivua pete, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole.

Asubuhi iliyofuata akapiga simu ukumbini, kwa mwoka keki, kwa mshonaji. Haikufika saa moja, harusi yote ikawa imefutwa bila mtu kukwazika. Simu ikaita. Ni Waya, analia.

"Mama nimwambieje?"

Akamwambia. Aketi karibu naye, asisimame. Asianze na habari za ukumbi. Asimlaumu mtu. Waya akawa anayarudia maneno hayo moja moja, kama mtoto anayetumwa dukani, mpaka sauti yake ikatulia.

"Asante, Kamanda. Sijui ningefanyaje bila wewe."

Alisema kwa moyo wote. Kamanda akakata simu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Naye pia alikuwa na mama wa kumwambia, na hakuna aliyemuuliza atamwambiaje.