Rhoda na Moshi Usioonekana

Siku ya gulio, senta ya Mwabasolo huamka mapema. Wauza mchele wanashusha magunia kutoka Kahama. Wachimbaji wanatoka mashimoni, nguo zimejaa vumbi jeupe la mawe. Mama Rhoda anawasha jiko la mkaa na kuchemsha uji wa wanawe wawili. Rhoda yuko darasa la sita. Davis ana mwaka na nusu, na bado anabebwa mgongoni.

Jina la Mama Rhoda ni Suzana, lakini hapa karibu hakuna anayemwita hivyo. Mumewe, Maduhu, hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Dhahabu humfikia ikiwa imeshikana na zebaki, donge dogo la rangi ya fedha. Maduhu huliweka donge kwenye sahani ya bati, juu ya makaa. Zebaki inaondoka, dhahabu inabaki.

Kazi hiyo huifanyia ndani ya nyumba. Hufunga mlango na dirisha. Hata ufa wa chini ya mlango huuziba kwa kanga kuukuu.

"Watu wakijua nimepata kiasi gani leo, usiku wananivunjia," husema.

Na jiko analotumia ni lile lile la uji.

Jua lilipopanda siku hiyo, kipaza sauti kilikoroma katikati ya soko. Athanas, mwenyekiti wa Umoja wa Wafanyabiashara, alikuwa amesimama juu ya meza. Kila gulio husoma Taarifa za Umoja: mbuzi aliyepotea, msiba, bei ya mchele, siku ya chanjo. Muhula ukiisha, husoma pia matokeo ya shule, kwa sababu Umoja ndio ulionunua madawati. Husoma majina yote, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Ndiyo desturi ya Mwabasolo. Mama wa mtoto wa kwanza hupigiwa vigelegele, na siku hiyo muuza nyanya humwongezea fungu.

Mama Rhoda alikuwa ameongezewa nyanya mara nyingi.

"Kwanza niseme," Athanas alianza, "shule yetu imekuwa ya mwisho katika kata. Ya mwisho! Madawati tumenunua, uji tunachangia. Sasa sikilizeni darasa la sita."

Mama Rhoda alisimama kwenye meza ya dagaa ya Mama Scolastika. Alikuwa akitabasamu tayari. Wa kwanza akatajwa. Hakuwa Rhoda. Wa pili, wa tatu. Majina yakapita, na tabasamu likapungua. Wa ishirini. Wa arobaini. Mama Rhoda akajifanya anachagua dagaa.

"Rhoda Maduhu, wa hamsini na mbili."

Darasa lilikuwa na watoto hamsini na watano.

"Mama Rhoda," Mama Scolastika alisema, "nikufungie dagaa za sherehe au za matanga?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akaongeza, "Huyo kashapata bwana. Watoto wa siku hizi!"

 Mama Rhoda alimkaza Davis mgongoni, akaondoka bila dagaa.

Nyumbani alimkuta Rhoda amekaa kizingitini.

"Wamesoma?" Rhoda aliuliza.

"Wamesoma. Una nini, mwanangu? Niambie mimi mama yako."

"Sijui, mama. Nikisoma mstari, nikifika mwisho nimesahau mwanzo."

"Na mwandiko huu? Kuku akikanyaga matope ataandika vizuri kuliko wewe."

"Mkono unakataa."

"Mkono unakataaje? Mkono ni wa nani?"

Rhoda alianza kulia. Siku hizi alikuwa mwepesi wa kulia na mwepesi wa hasira. Maduhu alitoka ndani akiwa amekunja uso.

"Kuanzia leo hakuna kutoka," alisema. "Jioni utakaa humu ndani, mbele ya macho yangu, usome. Huko nje ndiko kunakokuharibu."

Jioni hiyo Rhoda alikaa na daftari kando ya jiko. Davis alilala mgongoni kwa mama yake. Maduhu alifunga mlango. Akaziba ufa kwa kanga. Akaweka donge kwenye sahani ya bati.

Walifanya hivyo jioni baada ya jioni. Walidhani wanamwokoa mtoto.

Rhoda alizidi kuharibika. Alilalamika kichwa. Ufizi wake ukawa unatoa damu. Usiku hakulala, na darasani alisinzia. Kikombe kilimponyoka, akapigwa. Kikamponyoka tena.

"Huyu karogwa," bibi yake alisema alipokuja kuwaona. "Mayu, mama wee, mtoto aliyekuwa wa kwanza, watu wanamwachaje?"

Wakampeleka kwa mganga. Akafungwa hirizi mkononi. Baada ya hapo hirizi nayo ikawa inatetemeka pamoja na mkono.

Gulio jingine, Umoja uliitisha mkutano kuhusu shule. Wanachama walikaa kwenye mabenchi chini ya banda la mabati. Wengi wao walikuwa wanunuzi wa dhahabu kama Maduhu. Zamu ya chai ilikuwa ya Mama Rhoda, na Rhoda alimsaidia kugawa.

Athanas alisema kosa ni la walimu. Mwingine akasema kosa ni la simu. Rhoda alimfikia mnunuzi mmoja aitwaye Edson, akamnyooshea kikombe. Kikombe kikagonga kisahani, kika, kika, kika, kama meno ya mtu mwenye baridi. Chai ikammwagikia gotini.

"We binti!" Edson aliruka. "Umekunywa gongo asubuhi yote hii?"

Watu wakacheka. Nesi Zakia wa zahanati hakucheka. Alikuwa amekuja kutangaza chanjo. Aliinuka, akauchukua mkono wa Rhoda taratibu, akauangalia.

"Shikamoo," Rhoda alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Nyoosha vidole. Hivyo. Fungua mdomo nione ufizi." Kisha akamgeukia mama. "Mama Rhoda, baba yake anafanya kazi gani?"

"Ananunua dhahabu."

"Anachomea wapi?"

Mama Rhoda aliinamisha macho. Mambo ya ndani hayasemwi mbele ya watu.

"Basi leo nitapita kwenu," Zakia alisema.

Alikuja alasiri. Alisimama mlangoni, akatazama jiko, sahani ya bati, dirisha lililofungwa. Akatazama godoro lililokuwa hatua mbili kutoka kwenye jiko.

"Baba Rhoda, ile zebaki ukiichoma inakwenda wapi?"

"Inaisha. Moto unaila."

"Moto hauili zebaki. Unaigeuza kuwa moshi usioonekana, hata harufu hauna. Mkifunga mlango, mnauvuta ninyi. Unaingia mapafuni, unaingia kwenye damu, unapanda kichwani. Mwingine unaganda ukutani na kwenye godoro. Kesho jua likipasha bati la paa, unatoka tena."

"Nesi, mimi nachoma miaka yote hii. Mbona sijafa?"

"Sijasema umekufa. Kibano chako kiko wapi?"

Maduhu alicheka kidogo, akatoa kibano chake cha kushikia chembe za dhahabu. Zakia akamwaga punje za mchele mezani.

"Okota moja, uiweke kwenye mzani."

Kibano kilitetemeka. Punje ikaruka. Akajaribu tena, ikaruka. Akashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Jasho likamtoka.

"Ni uzee tu," alisema. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

"Tangu lini?"

Maduhu aliweka kibano mezani. Rhoda ndiye aliyejibu.

"Baba huniita mimi niweke chembe kwenye mzani. Lakini sasa na mimi naangusha."

 Mama Rhoda alikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Kwa hiyo," alisema, "nilipomfungia humu ndani asome..."

"Ulimfungia na sumu, mama. Hukujua. Watoto wanaumia kuliko watu wazima, kwa sababu ubongo wao bado unakua. Mtoto anasahau, anatetemeka, anakuwa na hasira. Mwanamke mwenye mimba akiuvuta, unamfikia mtoto tumboni."

Mama Rhoda alimshusha Davis, akampakata. Davis alikuwa hajasimama bado. Watu walimwambia wavulana huchelewa. Alikuwa ameichoma zebaki pamoja na mumewe mimba nzima ya Davis, akipuliza makaa.

"Na huyu?" aliuliza.

Zakia aliikunjua miguu ya Davis, akaiangalia.

"Huyu tumpeleke hospitali pamoja nanyi wote. Kesho."

"Mpe dawa, nesi. Wabeja, nitashukuru. Mpe dawa yoyote."

"Dawa ya kwanza ni kuacha kuuvuta. Usiku huu msilale humu."

Maduhu alitikisa kichwa. "Nikichomea nje, kila mtu ataona mali yangu. Mwaka juzi mtu alivunjiwa mlango, akakatwa panga kwa sababu kama hiyo. Unataka wanangu wawe yatima?"

"Hofu yako ni ya kweli," Zakia alisema. "Lakini ni hofu ya wanunuzi wote hapa, si yako peke yako. Umoja mnao wa nini? Wa kusoma majina ya watoto tu?"

Usiku huo walilala kwa jirani. Asubuhi walipanda gari kwenda hospitali ya mkoa. Walipimwa mkojo. Zebaki ilikutwa kwa wote wanne. Daktari alisema Rhoda atapata nafuu, ila polepole, na huenda si kabisa. Kuhusu Davis alisema, "Tutamfuatilia. Siwezi kuwaahidi." Mama Rhoda aliyashika maneno hayo njia nzima, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji bila kata kichwani.

Gulio lililofuata, Maduhu alimwomba Athanas kipaza sauti. Hakuwahi kukishika maishani.

"Mimi ni Maduhu," alisema. "Mwanangu alisomwa hapa, wa hamsini na mbili. Mkacheka. Hana bwana, hana simu. Mimi ndiye niliyemlisha zebaki. Nilichomea ndani ya nyumba."

Minong'ono ilizagaa. Edson akasimama.

"Sasa unataka nini? Tuchomee barabarani, tuonyeshane gramu?"

 Maduhu alitoa kibano na punje za mchele, akaviweka juu ya meza.

"Edson, njoo uokote moja. Hapa hapa, watu wakiona."

Edson alitazama meza. Akatia mkono mfukoni. Maduhu akawatazama wanunuzi wengine, mmoja baada ya mwingine, na mikono mingi ikaingia mifukoni. Hakuna aliyecheka. Mama Scolastika akaacha kupepea dagaa.

Athanas, ambaye naye alinunua dhahabu, alikuwa amerudishiwa kipaza sauti, amekishika kwa mikono miwili. Kilikuwa kikitetemeka.

"Wangu yuko darasa la tano," alisema hatimaye, bila kukiweka mdomoni. "Alisomwa wa mwisho."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Bwana afya aliwaonyesha mahali mbali na nyumba na kisima, upande ambao upepo hauelekei senta. Umoja ukajenga banda la kuchomea, lililo wazi juu, lenye vyumba vidogo vya mabati ili kila mtu achome bila kuonwa na mwenzake. Mlinzi akawekwa. Zakia akawaletea mtaalamu wa madini. Huyo aliwafundisha kutumia chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza na bomba. Mvuke unapita kwenye bomba, unapozwa kwa maji, unarudi kuwa zebaki, na haumfikii mtu.

"Na hata hivyo," mtaalamu alisema, "mtoto asifike hapa. Mwenye mimba asifike. Zebaki msiishike kwa mkono mtupu. Nguo za kazi zibaki hapa, msiende nazo nyumbani. Na siku mtakapopata njia ya kusafisha dhahabu bila zebaki, muiache kabisa."

Maduhu alichimbua sakafu ya udongo na kubandua ukuta, akapiga upya. Godoro na lile jiko havikuchomwa wala kugawiwa mtu. Vilizikwa pale bwana afya alipoelekeza. Mama Rhoda alinunua jiko jipya, na hakuna kingine kilichowekwa juu yake ila chakula.

Si kila mtu alifuata. Edson alichelewa. Mkewe mjamzito alihamia kwa mama yake, huko Kharumwa, akasema hatarudi mpaka sahani ya bati itoke ndani. Edson akaitoa.

Mwaka ukapita. Rhoda aliingia darasa la saba. Ufizi ulipona. Usingizi ulirudi. Mkono ulitulia asubuhi, ila jioni akichoka ulianza tena kutikisika. Alijifunza kuandika mapema, kabla mkono haujachoka. Mstari mmoja aliusoma mara tatu, mara nne. Mama yake alikaa kando yake mlango ukiwa wazi.

Umoja nao ulibadili desturi. Siku ya matokeo, Athanas alipanda juu ya meza kama kawaida.

"Hatusomi wa mwisho tena," alisema. "Tunasoma waliopanda."

Mama Rhoda alikuwa kwenye dagaa, Davis mgongoni. Nyumbani, Davis sasa alikuwa akisimama kwa kushika meza. Kutembea, bado.

"Rhoda Maduhu. Kutoka wa hamsini na mbili mpaka wa thelathini na moja."

Mama Rhoda alipiga vigelegele. Vilikuwa virefu, vikapanda juu ya soko lote, mpaka wauza mchele wakageuka.

"Mama Rhoda!" muuza nyanya alishangaa. "Wa thelathini na moja naye anapigiwa vigelegele?"

"Huyu," Mama Rhoda alisema huku akifuta macho, "ninyi hamjui ametoka wapi."

 Mama Scolastika alichota dagaa kwa mikono yote miwili, akafunga, akampa. Kisha akarudi akaongeza.