Kaa la Tatu

Kila siku alasiri, Mwatum alipotoka chuo cha Kurani, mama yake, Bimkubwa, alimpa kifuu cha nazi akamtuma moto kwa jirani. Mwaka ule wa 1938 kibiriti kilikuwa cha kununua, na katika mitaa ya Wete hapakuwa na mwanamke aliyeona haya kuomba makaa kwa mwenzake. Mwatum alikuwa na miaka kumi na miwili na kazi hiyo aliijua vizuri. Unatandaza majivu ndani ya kifuu, unaweka makaa juu yake, kisha unakwenda nyumbani moja kwa moja bila kusimama njiani.

Alkhamisi moja, katikati ya msimu wa karafuu, jirani yao Bi Mwanawema alimtilia makaa matatu makubwa. Alimwambia kwa mzaha, "Mwambie Bimkubwa leo nimemkirimu. Kesho na mimi nitakuja kwake na kifuu changu."

Njia ya mkato ilipita nyuma ya ghala la Mzee Zahran, lililoezekwa makuti. Nje ya ukuta wake palikuwa na magunia ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kivulini hapo Mwatum alimkuta shoga yake Thuraiya akicheza mdako wa vijiwe peke yake.

"Mchezo mmoja tu, shoga," Thuraiya alisema. "Au unaogopa nitakufunga kama jana?"

Mwatum alikiweka kifuu juu ya gunia, akakaa. Walicheza michezo minne. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini na Mwatum alikuwa akishinda, kwa hiyo hakugeuka hata mara moja. Alipokumbuka kwamba mama anangoja, alikichukua kifuu chake na kukiona chepesi. Ndani yake mlikuwa na makaa mawili. Alipapasa magunia kwa mguu, akatazama chini, hakuona kitu. Akajiambia kwamba pengine Bi Mwanawema alitia mawili tangu mwanzo. Lakini alijua kuwa yalikuwa matatu.

Chai ilikuwa haijachemka aliposikia watu wakipiga mayowe ya moto.

Hakuna aliyeumia, ila ghala liliteketea lote, pamoja na karafuu zilizokuwa ndani. Harufu yake ilikaa mtaani wiki nzima. Iliingia katika nguo, katika wali, katika mto wa kulalia. Watu walisema itatoka tu. Mwatum alihisi inamtafuta yeye.

Alimweleza Thuraiya peke yake, naye akamwambia anyamaze. Ghala lina bima, Thuraiya alisema, baba yake amemweleza. Kampuni kubwa huko Unguja itamlipa Mzee Zahran kila kitu, na hakuna atakayepata hasara. Mwatum alilishika neno hilo kama dawa. Kila alipokosa raha alilirudia moyoni: hakuna atakayepata hasara.

Siku ya kumi aliwasili wakala wa bima kutoka Unguja, bwana mmoja mtulivu aitwaye Marhoun, mwenye miwani na daftari. Alilizunguka ghala lililoungua, akachora, akaandika. Kisha akawaita wenye maghala wakutane naye katika uwanja wa kuanikia karafuu. Mwatum na mama yake walikuwa pale pale, wamekaa kwenye jamvi pamoja na wanawake wengine wakichambua karafuu kwa ujira, na kila neno liliwafikia.

Marhoun alisema kwamba kampuni imeamua kupandisha bima ya maghala yote ya mtaa ule. Aliyekuwa akilipa shilingi moja kwa kila mali ya shilingi mia, sasa atalipa mbili.

Wa kwanza kujibu alikuwa Himid, mwenye ghala la bati. Alisema hiyo si haki. Yeye alijinyima miaka mitatu ili aezeke bati, vipi alipe sawa na mwenye makuti? Bi Fakhriya, mjane aliyekuwa na ghala dogo la makuti, hakumwachia amalize.

"Mwenye makuti, baba, ni yule asiyekuwa na uwezo wa bati," alisema. "Mkimtoza zaidi, hilo bati atalinunua na nini? Na mimi sina pa kuitoa shilingi ya pili. Itabidi niwaongezee hawa wanaoweka magunia yao kwangu." Akawaelekezea mkono wanawake waliokaa kwenye jamvi.

Mwatum alimtazama mama yake. Magunia yao mawili ya karafuu yalikuwa kwa Bi Fakhriya, yakingoja bei ipande ili mama anunue cherehani. Bimkubwa aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua, lakini mikono yake ilipunguza mwendo.

Marhoun aliwasikiliza wote, kisha akaeleza bila ukali. Bima, alisema, ni kama chungu kimoja. Kila mtu anatia kidogo, na aliyefikwa na balaa ndiye anayechota. Kiasi cha kutia hupimwa kwa hatari. "Ningejua moto huu umetoka wapi, ningepima sawasawa," alisema. "Sijui. Na nisichokijua, kampuni inaniamuru nikitoze zaidi."

Kisha akafunua daftari na kusema lile ambalo Mwatum hakulitarajia. Moto ulianzia nje, kwenye pembe ya kaskazini, mahali pasipo jiko wala taa. Kampuni inaona uliwashwa na mtu. Kwa hiyo Mzee Zahran hatalipwa, mpaka ijulikane kwamba hakuchoma ghala lake mwenyewe ili apate fedha za bima.

Watu wote walimgeukia mwenye ghala. Mzee Zahran alikuwa mtu wa makamo, mpole, ambaye watu walimwekea amana zao bila kuandikiana. Alisimama, akaokota bakora yake akaondoka. Nyuma yake mtu mmoja alinong'ona kwamba kweli mwaka jana alikuwa na shida, na mwingine akacheka kidogo.

Kicheko hicho kilimchoma Mwatum kuliko kitu chochote. Mkononi mwake alikuwa na kishada cha karafuu, amekibana mpaka kimepondeka.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "makaa yalikuwa matatu."

Bimkubwa hakuelewa. Mwatum akamweleza yote, kifuu, mdako, upepo, kaa lililopotea. Alisema huku machozi yakimdondoka juu ya jamvi. Uso wa mama yake ulikuwa na hofu, maana alijua kwamba hata akichambua karafuu maisha yake yote hawezi kulipa ghala. Kisha alisimama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Inuka," alisema. "Mzee Zahran hajafika mbali."

Walimkuta kwenye kona, wakarudi naye uwanjani. Mwatum alisema tena mbele ya watu wote. Marhoun hakumkatiza. Alimwomba amwonyeshe mahali alipoweka kifuu, na Mwatum akaenda bila kuongozwa mpaka pembe ya kaskazini, akasimama penye majivu mazito kuliko pengine pote. Thuraiya aliitwa, naye akathibitisha, huku akitazama miguu yake. Bi Mwanawema akasema ni kweli, alitia matatu. Marhoun aliandika muda mrefu.

"Huu ni uzembe wa mtoto, si hila ya mwenye mali," alisema mwishoni. "Bima ipo kwa ajili ya mambo kama haya. Mzee Zahran atalipwa."

Ile shilingi ya pili haikufutwa siku ile. Marhoun aliandika barua Unguja, na baada ya mwezi jibu likaja. Maghala ya bati yalirudi kwenye shilingi moja. Ya makuti yalipandishwa senti ishirini tu, kwa sharti kwamba makonyo yasiwekwe ukutani na moto usipitishwe nyuma ya maghala. Himid alinung'unika kidogo, Bi Fakhriya alinung'unika zaidi, lakini wote walilipa, na magunia ya Bimkubwa yakabaki yalipokuwa.

Mwatum alikwenda kwa Mzee Zahran kumwomba radhi. Alidhani atafukuzwa. Mzee alimwambia akae.

"Moto nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Kaa huweza kumponyoka mtu yeyote. Ila zile siku kumi, mwanangu, ulidhani kunyamaza kwako hakuna anayekulipia. Mimi nililipa kwa jina langu. Bi Fakhriya alikuwa alipe, na mama yako pia. Ukikosa, sema mapema, wakati kosa bado lako peke yako. Ukichelewa, unawagawia watu wasiolijua."

Mwatum aliomba amchambulie karafuu bila ujira mpaka msimu uishe. Mzee alikubali, na hakumwambia kuwa kazi hiyo ni nyingi mno.

Tangu hapo moto ulifuatwa kwa njia ya mbele, iliyo ndefu. Mwatum alipofika nyumbani na kifuu, mama yake hakukipokea kabla ya kuuliza.

"Mangapi?"

"Matatu, mama."

Bimkubwa alichungulia ndani, akahesabu, ndipo akapuliza.