Sura Iliyomchosha Miayo

Kila siku ya shule Miayo aliamka jua halijachomoza. Alisomba maji, akamwogesha mdogo wake na kumvalisha, ndipo akashika njia, macho mazito. Darasani alipiga miayo mpaka wenzake wakambandika jina hilo, likamganda. Jina lake halisi lilibaki kwenye rejista tu.

Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa mchovu kuliko yeye. Mchana alifundisha na kusahihisha madaftari rundo zima. Jioni aliandika riwaya. Watoto wake walikuwa wameshahama mmoja mmoja, na mwaka ule kitinda mimba naye akaenda chuo. Huyo ndiye aliyekuwa msikilizaji wake: mama akisoma sura mpya kwa sauti, mtoto akipiga miayo, sura inaandikwa upya. Sasa nyumbani walibaki yeye na mumewe, wakitazamana. Ndipo alipomwomba mama yake Miayo amruhusu binti apite kwake baada ya masomo. Alitaka mtu asiyejua kuficha uchovu.

Jioni moja Miayo alimkuta mume wa Mwalimu sebuleni akizunguka meza amevaa viatu vipya vya kupandia mlima, eti anavilainisha. Mzee alimweleza kuwa miaka yote ya kulea hawakuwahi kwenda popote wawili tu, na sasa zamu yao imefika. Mwalimu akiituma sura ya mwisho kwa mchapishaji, kesho yake wanaondoka.

Mwalimu akasoma. Ilikuwa habari ya mama anayepanga vitu kwenye chumba cha watoto waliohama. Anakunja shuka, anafuta vumbi, anakunja tena. Mwayo ukamjia Miayo, akaumeza. Alimtazama Mzee, akamwonea huruma. Alipoulizwa, akasema sura ni nzuri sana. Mwalimu akashusha pumzi, akasema ataituma asubuhi.

Njiani miguu iligoma. Miayo alijua kwamba wasomaji wangefika kwenye shuka zile wakakifunga kitabu, na aliyeaminiwa kusema ni yeye peke yake. Aliogopa kumuudhi Mwalimu, tena aliogopa sana, lakini akageuza.

“Samahani, Mwalimu,” alisema mlangoni. “Nimekudanganya. Ile sura imenichosha.”

Mwalimu alikaa kitini taratibu, kama aliyezeeka ghafla. “Imekuchosha wapi?”

“Pale kwenye shuka. Anakunja, anakunja. Nilitamani atoke nje.”

Mzee akainama, akavua viatu. Miayo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Baadaye kidogo Mwalimu alikiri kwamba kurasa zile aliziandika wiki aliyoondoka mwanawe. Mwenyewe aliziona nzito, ila hakuwa na moyo wa kuzikata. Safari ikaahirishwa. Jioni baada ya jioni, madaftari yakishasahihishwa, aliandika upya huku macho yakimuuma. Miayo alisikiliza, na palipochosha alisema. Mwishowe yule mama wa kwenye kitabu akafunga mlango wa chumba, akatoka kwenda kutembea, na Miayo akataka kujua anaenda wapi.

Sura ilipotumwa, mvua zilikuwa zimeanza na mlima haupandiki. Wazee wale wakaamua kwenda ziwani, ingawa wote wawili hawakujua kuogelea. Miayo alikwenda kuwaaga, akaomba radhi kwa kuwakosesha mlima.

“Mlima upo tu, mwanangu, hauhami,” Mwalimu alimwambia. “Kitabu kikishachapwa ndiyo basi. Siku ile nilikasirika, sikufichi, na usingizi sikupata. Lakini wewe uliniambia ukweli nikiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Wengine wangenisifu, halafu wakanicheka nyuma ya mgongo. Ukimpenda mtu, mfanyie hivyo hivyo, hata kama atanuna.”

Kisha akachukua begi lake, akamfuata mumewe aliyekuwa ameshatangulia barabarani.