Kahonzi na Kitabu cha Katuni

Asubuhi, kama kawaida, Kahonzi alifagia darasa la sita, akanyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi, kisha akaketi akitabasamu. Mwalimu Nyakio alikuwa amempa kimoja kati ya vitabu vya katuni alivyovileta akakisome nyumbani, ili leo waamue kama kinafaa kufundishiwa fasihi. Kahonzi alikipenda mno kitabu kile. Picha zake alizitazama mpaka akazijua zote, lakini maneno hakuyagusa.

Mwalimu mkuu, Bwana Masha, alikuja kusikiliza. Kwake yeye katuni zilikuwa mchezo tu, wala hakuficha.

"Umekisoma chote?" Mwalimu Nyakio aliuliza.

"Nimekisoma, mwalimu."

Akasimulia kwa madaha. Alifika kwenye picha ya kijana anayeacha njia na kujitosa kichakani bibi mmoja anapokuja. "Hapa amekutana na mama mkwe wake," alieleza. "Anampisha kwa heshima."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Kijijini kwao Ganda, mkwe hupishwa hivyo hivyo.

Bwana Masha alikitwaa kitabu, akasoma maneno yaliyo kwenye picha ile: "'Akijua ni mimi niliyemwiba mbuzi wake, nimekwisha.' Huyu ni mwizi, Kahonzi. Heshima iko wapi?"

Darasa likaangua kicheko.

"Umeona, Mwalimu Nyakio? Katuni zinawafundisha uvivu wa kusoma. Virudishe vyote ulikovitoa."

Mwalimu Nyakio alianza kuvipanga vitabu kikapuni. Alikuwa amevibeba mwenyewe safari nzima kutoka kwao bara. Roho ikamuuma Kahonzi. Akasimama.

"Nisamehe, mwalimu mkuu. Kitabu hakina kosa. Nilisema nimesoma, kumbe nilitazama picha tu."

Bwana Masha alimrudishia kitabu. "Basi soma sasa."

Akasoma tangu mwanzo, akikwama hapa na pale. Bibi wa kitabuni alipopita karibu na kichaka, alisema, "Ahsante kwa kunipisha, mkwe wangu. Una adabu." Mwizi akaona haya, akaenda kumrudisha mbuzi.

Bwana Masha akakohoa.

"Kumbe nami nilisoma mstari mmoja nikahukumu," alisema, akicheka kidogo. "Mwanangu, usiseme umesoma kabla hujasoma. Umenipa kazi ya kumwomba mwalimu wako radhi. Lakini umesema kweli mbele ya watu waliokuwa wakikucheka, na hilo ndilo lililokiokoa kitabu."

Kisha akamgeukia Mwalimu Nyakio. "Vitoe kikapuni, mwalimu. Tutaanza na hiki. Na mimi niazime kimoja, nikakisome chote."