Kusoma na Kusoma

Mpaka leo, Severa akisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe, moyo wake hurudi mtaani kwao Mchafukoge. Hurudi mwaka 1973, soko jipya la Kariakoo lilipokuwa bado linajengwa na vumbi la saruji likiingia mpaka kwenye sufuria za watu. Walikaa nyuma ya duka la baba yake, Mzee Melkiori. Mbele waliuza sabuni, chumvi, nyuzi na taa za chemli. Nyuma palikuwa na vyumba viwili, ua, na bomba moja la maji lililotumiwa na jengo zima. Zilikuwa siku tamu zile, ingawa wakati ule hawakujua.

Mwaka huo Severa aliingia chuo cha maofisa afya. Katika ukoo wao wote, kule Kilimanjaro na hapa mjini, hakuna msichana aliyewahi kufika chuo. Baba yake aliichukua barua ya kuitwa chuoni akaitia fremu, akaitundika dukani juu ya mizani. Ukija kununua chumvi, utasimuliwa kwanza habari ya barua, chumvi baadaye.

Nyumbani nako ikawekwa sheria. Severa akishika daftari, baba alizima redio. Mama yake, Agnesi, alipika, akafua, akateka maji, wala hakumwita binti yake amsaidie. Mgeni akipiga hodi, alipokewa kwa kidole mdomoni.

"Sss! Anasoma."

Hata muuza kahawa, Mzee Bakili, aliombwa asigonganishe vikombe mbele ya mlango wao. Maskini mzee wa watu akawa anapita kimya kimya, na wateja wake wakawa hawajui kama amepita.

Na kweli Severa alisoma. Darasani mkufunzi alifundisha kwa Kiingereza, naye akaandika kila neno kama imla. Nyumbani alilisoma daftari kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia. Alikariri mpaka nukta na mikato.

Mtihani wa kwanza alipata thelathini na moja kwa mia.

Mkufunzi wake aliitwa Bwana Theophil. Siku zote alisahihisha kwa Kiingereza, ila akiguswa na jambo aliandika Kiswahili. Pembeni ya karatasi ya Severa aliandika: "Umeandika yote isipokuwa jibu." Akawatangazia darasani kwamba mtihani wa pili ungekuja baada ya wiki sita. Atakayeshindwa tena afunge mizigo arudi kwao.

Severa aliificha karatasi ile chini ya godoro. Alipopita dukani aliiona barua yake kwenye fremu, akageuza uso upesi. Aliona aibu, na aliogopa sana.

Jioni aliketi uani akasoma kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Jirani wa ghorofani akashuka na ndoo yake. Jina lake Harshida, lakini jengo zima lilimwita Mama Jayant, kwa jina la mwanawe. Alikuwa na miaka kumi kazini, katika maabara ya hospitali.

"Shikamoo, Mama Jayant."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia tangu juu. Hicho unachosoma, maana yake nini?"

Severa akayatoa maneno yote ya Kiingereza, hakukosea hata moja.

"Hayo nimeyasikia," Harshida alisema. "Mimi nauliza maana yake."

Severa akafungua mdomo. Kilichotoka ni kilio, na katika kilio hicho habari yote ya ile thelathini na moja.

"Lakini nasoma, Mama Jayant! Nasoma mpaka kichwa kinaniuma!"

Harshida akaweka ndoo chini.

"Sikiliza. Mimi nimezaliwa hapa hapa mjini, Kiswahili nakipenda. Lakini kwenye neno hili kimetubania. Mtu akisoma barua, anasoma. Akisoma udaktari, anasoma vilevile. Sisi kwa Kigujarati tuna maneno mawili. Kuna vanchvu, macho yanapita juu ya maandishi. Halafu kuna bhanvu, unajifunza jambo mpaka linakuwa lako. Wewe mwenzangu uko kwenye vanchvu tu."

Severa akacheka huku machozi yakimtoka.

Agnesi alikuwa pale bombani akiosha vyombo, na kila kitu alikisikia. Hakugomba. Alijifuta mikono kwenye kanga akauliza, "Sasa hiyo ya pili inafanywaje?"

"Wewe unaijua, Mama Severa," Harshida alimjibu. "Si unakwenda kisomo? Mwalimu wenu akimaliza somo, anafanya nini?"

Kweli, Agnesi alikuwa akienda kisomo cha watu wazima kila alasiri. Alianza kujifunza kusoma na kuandika akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

"Anatuambia tufunge vitabu," alisema. "Kila mtu anamweleza mwenzake alichokipata. Ukikwama, unafungua, unatazama pale pale ulipokwama."

"Basi ndiyo hiyo hiyo! Severa, darasani usiandike kila neno. Sikiliza, andika yale makubwa kwa maneno yako. Siku hiyo hiyo funga daftari, umweleze mama yako kwa Kiswahili. Asipoelewa, ujue na wewe hujaelewa. Weka alama pale, kesho ukamuulize mkufunzi. Na usisome kwa mkupuo mpaka uchoke. Soma kidogo kila siku. Ya Jumatatu yarudie Alhamisi."

"Nimweleze Mama?" Severa aliuliza.

Tuseme kweli, alidharau kidogo. Mama ambaye ndiyo kwanza anaunga silabi atamsaidia nini mtu wa chuo? Ujana una mambo yake.

"Na ukimaliza chuo unataka kufanya kazi gani?" Harshida aliendelea.

"Serikali itanipangia."

"Serikali itakupangia kituo. Lakini kazi yenyewe uijue mapema. Usipojua unakokwenda, utajuaje somo lipi la kulishika sana? Jumamosi twende wote maabara."

Jumamosi Severa aliinama kwenye hadubini, akatazama tone la maji yaliyotoka katika kisima kimoja. Yale maji yalionekana masafi kabisa ndani ya chupa. Ndani ya hadubini yalikuwa yamejaa vitu vinavyotembea. Akanyanyua kichwa, akainama tena. Alirudi nyumbani akisema neno moja tu: maji. Alitaka kazi ya maji.

Jioni moja wiki iliyofuata, alifunga daftari akaketi na mama yake. Walichambua mchicha huku akieleza.

"Kwa hiyo Mama, maji unayachemsha. Halafu unayafunika."

"Kwa nini niyafunike? Si umesema vijidudu vimeshakufa?"

"Imeandikwa hivyo."

"Imeandikwa, sawa. Lakini kwa nini?"

Severa akafungua daftari. Ukurasa ule aliukariri wote, lakini sababu hakuijua. Akaweka alama. Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu aingie chuoni, alinyoosha mkono darasani. Bwana Theophil alivua miwani akamtazama.

"Swali zuri. Kuchemsha kunaua vijidudu vilivyomo, hakuzuii vingine kuingia. Vikija kwa mkono mchafu, kwa kata iliyowekwa chini, au kwa nzi, maji yatachafuka upya."

Tangu hapo, Severa akitoka chuoni, mama yake alimpokea kwa swali moja mlangoni: "Leo umeniletea nini?" Hakutaka ndizi wala mkate. Alitaka somo.

Uani pakachangamka. Baba akaja mbio kutoka dukani. "Mbona mnapiga kelele? Mtoto hasomi?"

"Anasoma," Agnesi alimjibu. "Huku ndiko kusoma. Washa redio yako, bwana." Mzee Bakili naye akaruhusiwa vikombe vyake. Akavigonga siku hiyo mpaka masikio yakawauma.

Wiki ya sita mtihani ukafika. Swali la kwanza lilisema: familia moja huchemsha maji ya kunywa kila siku, lakini watoto bado wanaharisha. Eleza. Severa alitabasamu peke yake. Aliisikia sauti ya mama yake juu ya mchicha: lakini kwa nini? Akaandika bila kukariri.

Alipata sabini na nne.

Miaka mingi imepita. Severa alifanya kazi ya maji mpaka akastaafu, na visima alivyovipima hana hesabu yake. Jengo lao limevunjwa. Mama Jayant hayupo, na mama yake hayupo. Leo akiingia nyumbani kwake, hakuna wa kumuuliza amemletea nini. Lakini karatasi ile ya sabini na nne bado anayo. Baba aliitia fremu siku ile ile, kando ya barua.

Kabla ya fremu, Agnesi aliiomba. Pembeni palikuwa na wino mwekundu wa Bwana Theophil, na kwa mara ya pili alikuwa ameandika Kiswahili. Mama hakutaka kusomewa. Aliweka kidole juu ya maneno akaanza kuunga polepole, duka zima likimsubiri.

"U-me-e-le-za vi-zu-ri. Na-ni a-me-ku-fu-ndi-sha?"

Akamtazama binti yake. "Amekuuliza swali. Hujibu?"

Severa akachukua kalamu, akaandika neno moja chini ya swali, akamrudishia karatasi.

Hilo Agnesi alilisoma mara moja, bila kuunga.

"Mama."