Maandishi Yanayoanzia Kulia

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, wenzake walikimbilia uwanjani, yeye akakimbilia chumba cha kompyuta. Darasa zima lilimwita Umeme kwa sababu ya vidole vyake: ukimsomea sentensi, hujafika kwenye nukta, yeye ameshaichapa. Alilipenda jina hilo wala hakuficha.

"Taratibu, Umeme, kibodi itashika moto," alimtania Kasuku, mwenzake wa meza moja, mvulana ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Wewe tembea na kobe wenzako. Mimi nina kazi."

Na kweli kazi ilikuwepo. Nesi wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara alikuwa ameiomba klabu ya kompyuta itengeneze video ya kuonyeshwa kwenye runinga ya chumba cha kusubiri. Watoto wengi mtaani walikuwa wakiharisha, na video ingewafundisha wazazi kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Nesi alitaka maandishi ya Kiswahili na ya Kiarabu, maana akina mama wengi waliohamia karibuni walisoma Kiarabu tu. Shangazi yake Umeme, fundi cherehani aliyewahi kuishi nchi za mbali, ndiye pekee waliyemfahamu aliyejua lugha zote mbili. Aliyaandika maneno kwenye karatasi, kisha akayachapa kwenye simu na kumtumia.

Umeme alipoyabandika kwenye programu ya video, yakaharibika. Kiarabu huanzia kulia kwenda kushoto, na herufi zake hushikana mikono. Programu ile kongwe haikujua lolote kati ya hayo. Ilizitawanya herufi kama shanga zilizokatika uzi, tena ikaanzia kushoto.

"Tumia programu ya kuandikia barua," mwalimu wa kompyuta alimwelekeza. "Ina kitufe cha kuanzia kulia. Andika humo, hifadhi kila ukurasa kama picha, kisha uweke picha hizo kwenye video."

"Kurasa zote kumi na moja, mwalimu? Na neno likibadilika?"

"Picha ya ukurasa huo unaianza upya. Chovya chovya humaliza buyu la asali."

Umeme hakuwa na subira ya kuchovya. Alitafuta mtandaoni, akapata tovuti inayounganisha herufi na kuyapindua maneno, la mwisho likakaa mwanzo. Akabandika, akalinganisha na karatasi ya shangazi. Mkunjo kwa mkunjo, nukta kwa nukta, sawasawa! Jioni alimwonyesha shangazi, naye akasoma na kusema, "Safi, mwanangu." Umeme alirudi shuleni shingo juu.

Ijumaa nesi alikuja kuitazama. "Nzuri sana, ila herufi ni ndogo. Wanaokaa nyuma hawataona."

"Dakika mbili tu, nesi," alisema Umeme, akazikuza. Sentensi zilizokuwa mstari mmoja zikawa mistari miwili. Yeye aliona uzuri tu.

Mwalimu akamuuliza, "Shangazi yako ameyasoma tena baada ya kuyakuza?"

Shangazi alikuwa kazini kwake, mwendo wa robo saa. Nesi alikuwa amesimama, mkono tayari kupokea flashi.

"Amesoma, mwalimu."

Uongo ule ulitoka mwepesi kama unyoya. Nesi akashukuru, akaondoka na video.

Jumamosi asubuhi Umeme alimpelekea shangazi sketi iliyofumuka pindo. Wakati sindano ikipanda na kushuka, akatoa simu. "Shangazi, ona sasa ilivyopendeza. Leo ndiyo wanaiwasha."

Shangazi aliitazama huku akishona. Ghafla mguu wake ukaganda juu ya pedali. "Nani ameandika hivi?"

"Si wewe mwenyewe?"

"Mimi? Njoo hapa." Aliweka kidole kwenye kioo. "Niliandika vijiko vidogo sita sukari, nusu kijiko chumvi. Hapa, mstari wa juu unasema: sukari, nusu kijiko, chumvi. Wa chini: vijiko sita. Mtu ataelewa nini? Sukari nusu kijiko, chumvi vijiko sita! Mtoto mchanga akinyweshwa chumvi hiyo, umemuua!"

Umeme akaitazama tena ile mistari miwili. Akaelewa papo hapo. Maneno aliyapindua ili kuidanganya programu, na kwenye mstari mmoja ikadanganyika. Mstari ulipokatika, programu iliweka juu kile ilichodhani ni mwanzo, kumbe ni mwisho, na mwanzo wa kweli ikausukuma chini.

Hakungoja sketi. Alitoka mbio na nguo za nyumbani, akafika barabara ya shule, akaivuka, akaingia zahanati bila hodi. Chumba kilijaa. Runinga ilikuwa inawaka, na kwenye benchi la mbele mama mmoja, mtoto amelala mapajani, alikuwa akinakili kwenye daftari.

Umeme akachomoa waya ukutani.

"We mtoto, una wazimu?" mzee mmoja alifoka. "Tulikuwa tunatazama!"

Nesi akatoka chumba cha sindano. "Kuna nini?"

Umeme angeweza kusema mashine imeharibika. Watu wote walimkodolea macho. Akanyanyua kichwa.

"Maandishi ya Kiarabu yana kosa, nesi. Vipimo vimebadilishana. Kosa ni langu. Nilimwambia mwalimu kwamba shangazi ameyasoma tena, na hakuyasoma."

Nesi alishika kiuno. "Nimeiwasha dakika kumi tu zilizopita. Mungu mkubwa! Hakuna aliyetoka."

Shangazi alifika akihema, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alizungumza kwa Kiarabu na benchi moja baada ya jingine. Yule mama akamsikiliza, akaichana karatasi ya daftari vipande vipande, akaandika upya akimwangalia shangazi mdomoni. Kisha akamgeukia Umeme, akamshika mkono, akasema neno moja.

"Anasemaje?" Umeme aliuliza.

"Anasema asante," shangazi alijibu. "Mimi ya kwangu nitakwambia nyumbani."

Jumatatu, kabla ya gwaride, Umeme alimweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu hakupandisha sauti. Alimpa ufunguo wa chumba cha kompyuta tu.

Kazi ilichukua jioni nne. Umeme aliandika kila ukurasa kuanzia kulia, kila kipimo kwenye mstari wake, akahifadhi picha. Shangazi aliketi kando yake na miwani puani. Ukurasa wa saba ulirudiwa mara tatu.

"Umeme wa siku hizi unakatikakatika," Kasuku alichokoza.

"Nyamaza ulete kiti, usome Kiswahili. Na wewe utaweka sahihi kwamba umesoma."

Kasuku akasoma, na akalikuta kosa moja. Akatamba nalo wiki nzima.

Siku video ilipowashwa tena, nesi alimwomba mama mmoja asome kwa sauti, shangazi akitafsiri. Maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko. Kila kitu mahali pake.

Mwalimu aliyekuwa amesimama mlangoni akamwambia Umeme, "Ile programu haikujua Kiarabu, na haikudai inajua. Wewe pia hukujua, na hilo si aibu. Aibu ni kusema kimesomwa kitu ambacho hakikusomwa. Kazi usiyoweza kuipima mwenyewe, mpe anayeweza. Ukishindwa kumpata, sema hujampata, hata kama mtu amesimama mbele yako na haraka yake. Watu hawa waliamini maandishi yako kwa sababu waliamini mtu ameyahakikisha."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Basi shule ya jirani inataka video ya kunawa mikono. Utaweza?"

Umeme alicheka, akakunja mikono ya shati. "Nitaweza. Lakini kwanza nikamuulize shangazi ana nafasi lini."