Baba Alimtesa Mama Mbele Yangu Akijua Sioni

Niko na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Sisi ni wa Kalama, Machakos. Mimi ni mtu wa aibu sana, hata darasani sijibu swali mpaka nitajwe jina. Lakini hili nikilinyamazia litanimaliza...

Tangu utotoni nilikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu niliwaona kama wako nyuma ya karatasi ya nailoni. Nilimjua mtu kwa sauti, na sauti niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya baba! Aliniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mamake. Asubuhi alinishika mkono mpaka barabarani. Yeye ni mzee wa kanisa. Kwetu sikuwahi kusikia ugomvi hata siku moja. Nilijua tumebarikiwa.

Likizo iliyopita nikapasuliwa jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa nililia! Kumbe ukuta uko na nyufa? Kumbe mama ni mrembo hivyo? Lakini mbona vidole vyake viwili vimepinda? Akasema alibanwa na mlango.

Daktari alinikataza kuinama, kubeba maji na kukaa kwenye moshi. Akanipa miwani nyeusi. Baba hakuniuliza naona kiasi gani. Nafikiri alipoona ile miwani alijua mimi ni yule yule wa zamani.

Jumamosi moja mchana mama alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi uani, yale ya kutolewa maganda, mimi nimekaa mlangoni. Baba akaja akasimama kando yake.

"Mwaitu, leo utakula mpaka mshipi ukatike!"

Nikacheka. Halafu nikaona mkono wake... Alikuwa ameshika kidole cha mama, anakipinda nyuma polepole, huku bado ananiongelesha! Mama ameuma leso, machozi yanatiririka, sauti hakuna. Baba akaniuliza kama dawa ya matone inaniwasha. Sauti ile ile tamu!

Jamani, ni mara ngapi nilikaa hapo nikicheka?

Nikasimama, nikamwambia amwachilie mama.

"Kwani wewe unaona nini?"

"Naona kidole cha mama, baba."

Kofi la kwanza lilirusha miwani. La pili likanipata kwenye jicho, nikaanguka. Ndipo nikasikia mama akipiga nduru, mara ya kwanza maishani mwangu!

"Si jicho! Niue mimi, lakini si jicho la mtoto!"

Akainua mchi akampiga nao mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Baba akamkaba shingo kwa mkono uliobaki. Mama akampiga tena, begani, kichwani, mpaka damu ikamwagikia mahindi.

Majirani wakaja mbio. Na unafikiri walimshika nani? Mama! Baba akasema mke wake amerukwa na akili, wakamwamini, si ni mzee wa kanisa? Mama Mutuku, jirani wetu, akanigeukia: "Na wewe kipofu utatuambia nini?"

Jicho lilikuwa limevimba. Nikalifungua kwa vidole, uchungu karibu unizimishe. Nikamwambia sweta yake ni ya kijani na kifungo cha juu hakiko. Halafu nikashika mkono wa mama nikawaonyesha vidole vyake, kimoja kimoja.

Wakamwachilia mama.

Sasa baba yuko rumande. Sisi tuko kwa susu, nyanya yangu, huko Mitaboni. Kidonda cha jicho kilifunguka, kikashonwa tena, na ukungu umerudi. Daktari anasema tungoje. Mama anasema alinyamaza ili nisimpoteze baba niliyempenda. Na mimi, wasomaji wenzangu, nawaambia ukweli... bado nampenda. Hiyo inaniuma kuliko jicho.

Vijana wenzangu, msipime mzazi kwa sauti yake. Na nyinyi wamama, nawaomba nikipiga magoti, msifiche mateso ati mnalinda moyo wa mtoto! Pigeni nduru siku ya kidole cha kwanza. Mama yangu alingoja mpaka zamu ikafika kwangu.